Lori Lisilojua Mbele

Hapa kwetu Panda, mtaa wa mji wa Likasi, ukimtaja Kadidja bila kuongeza neno, watu watakuuliza, "Yupi? Wa mandazi ao wa kamiyo?" Ni mtu mmoja. Kamiyo ni lori, lakini kwa miaka mingi alikuwa wa mandazi. Aliyakaanga kwenye maegesho ya malori, kando ya barabara iendayo Lubumbashi, na madereva walimjua kwa sauti kabla ya kumwona, maana moshi ulikuwa umemfunika. Baba yake, mzee Abedi, alitoka Kasongo akiwa kijana, akaendesha malori maisha yake yote, wala hakuwahi kumruhusu binti yake kukaa kwenye kabini, hata lori likiwa limezimwa. Alisema mwanamke akikaa mle ndani matairi yanaona haya, yanapasuka.

Mzee Abedi alikuwa amekwisha kufariki, na Kadidja amekwisha kupita arobaini, siku redio ya mjini ilipotangaza kwamba kampuni moja inayobeba mawe ya shaba huko Kakanda inatafuta madereva wanawake. Sababu ilitajwa wazi, bila kuzungukazunguka: wanaume wanavunja magari. Mwanamke yeyote mwenye ruhusa ya kuendesha malori makubwa aje. Kadidja alilisikia tangazo hilo akiwa na mwiko mkononi. Akauzima moto. Mandazi yaliyokuwa kwenye karai yalikuwa bado mabichi katikati, na dereva aliyekuwa akiyasubiri akaambiwa ayale hivyo hivyo ama aende zake.

Akaenda moja kwa moja hadi kibandani kwa mumewe. Hakim ni fundi cherehani, mtu mpole, asiyependa mambo ya ghafla.

"Baba Fatou," akamwambia, "minye nataka kuwa shofere ya kamiyo."

Hakim hakuinua uso. Alisukuma kitambaa mpaka mshono ukafika mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Shofere?"

"Shofere."

Akafikiri kidogo. "Utavaa nini?"

Hilo ndilo swali pekee alilouliza, na hakungoja jibu. Kabla juma halijaisha alikuwa amemshonea suruali pana na koti refu la kitambaa kigumu cha buluu, na mtandio wa rangi hiyo hiyo. Mifuko aliiweka kila mahali, hata nyuma ya magoti, kwa sababu aliwahi kusikia kwamba dereva hawezi kujua atahitaji nini njiani. Basi Kadidja, ambaye hajawahi kushika usukani hata wa baiskeli, akawa amevaa udereva kamili kabla ya kupata mwalimu.

Kadidja akampata mwalimu nyuma ya ghala moja kuukuu la kambi ya wafanyakazi. Aliitwa Magloire. Alikuwa amefundisha jiografia shuleni nusu ya maisha yake, na sasa alikuwa na shule ya udereva, lakini tai hakuivua, wala chaki haikumtoka mfukoni. Wote tulimwita Maître, yaani mwalimu. Majuma ya kwanza aliwafundisha wanafunzi wake wakiwa wamekaa kwenye benchi, kila mmoja na mfuniko wa sufuria mikononi na matofali matatu miguuni. Tofali la kulia lilikuwa la mafuta, la katikati la breki, la kushoto la kubadilishia gia. Maître aliimba kona, nao wakalala kulia, wakalala kushoto. Vijana walioanza pamoja na Kadidja waliona aibu, wakaacha mmoja mmoja. Yeye alibaki. Alisema tofali la breki lilikuwa limeanza kumzoea.

Hatimaye Maître alimpeleka kwenye lori lenyewe. Lilikuwa la zamani, refu, lenye rangi ya kijani iliyobabuka, na ngurumo yake ilikuwa nzuri kabisa. Kadidja akasema Bismillahi, akapanda, akakanyaga, akatia gia kama alivyofundishwa. Lori likaondoka kwenda nyuma. Akalisimamisha, akatia gia nyingine. Nyuma. Akajaribu zote.

"Maître, inaenda nyuma."

"Ndiyo."

"Minye nataka mbele."

"Mbele haiko," Magloire akasema kwa utulivu wa mtu anayetaja mto uliokauka.

"Haiko namna gani?"

"Boîte ya vitesi, ile ya gia, ilishikamana. Inajua paka nyuma tu. Banza analeta pièce toka Lubumbashi, juma yenye kuya."

Banza ni fundi wa magari. Pièce hiyo, yaani kipuri, ilikuwa imeanza kuja juma lijalo tangu mvua za mwaka uliopita.

"Mama Kadidja, usisikitike," Maître akaendelea. "Kwenda mbele kila muntu anajua, hata mbuzi. Bantu beko banaanguka examen juu ya kurudi nyuma. Weye utaanza na ile ya nguvu."

Kadidja aliyatafakari maneno hayo, akaona yana akili. Wakaanza.

Basi ndivyo sisi wa Panda tulivyozoea kuona lori likija kwa mgongo. Lilipita asubuhi mbele ya nyumba zetu, nyuma yake ikitangulia na kabini ikifuata, Maître amesimama juu ya sanduku la mizigo akitazama njia, tai ikipepea, filimbi mdomoni. Mlio mmoja ulikuwa kulia, miwili kushoto, na mlio mrefu usiokatika ulimaanisha kwamba kuna mtoto njiani. Kioo kimoja cha pembeni kilikuwa kimevunjika zamani, na mahali pake Hakim alitoa kioo chake cha dukani, kile kirefu cha kujaribishia nguo, wakakifunga kwa waya mlangoni. Lori liliposimama, wanawake walijipanga upande ule kurekebisha vitambaa vya kichwa.

Trafiki wa njia panda ya sokoni ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwazuia. Alilikuta lori limesimama, akaenda kwenye sehemu aliyoidhania ndiyo mbele, akakuta taa nyekundu na hakuna dereva. Akazunguka mpaka kwenye kabini.

"Mama, uko contre-sens, uko upande mubaya!"

"Apana, chef," Kadidja akajibu. "Niko ku mukono ya kuume."

"Kamiyo inaangalia kule!"

"Inaangalia kule, mais inaenda huku."

Trafiki alinyoosha mkono wa kulia, kisha wa kushoto, akageuka, akanyoosha tena. Maître alishuka, akatoa chaki, akachora barabara juu ya lami na mshale ndani yake. Akamwuliza kwa heshima, "Chef, weye ukitembea na mugongo, mukono yako ya kuume inaenda wapi?"

Yule bwana hakuwa mtu wa kujibu bila ushahidi. Akaanza kutembea kinyumenyume katikati ya njia panda, mkono wa kulia ameunyoosha, akiutazama kwa makini usije ukahama, magari yamesimama pande zote yakimsubiri, mpaka mgongo wake ukagonga mkokoteni wa mikate. Akashusha mkono.

"Muende," akasema mwishowe. "Mais muende mbio, minye sitaki kufikiri tena."

Tangu siku ile, akiliona lori likija, yeye hugeuka na kuanza kukagua mawingu.

Ilikuwa katika siku hizo ndipo alipokufa mzee Tshimanga, mfanyakazi wa zamani wa reli, na gari lililobeba maiti yake likaharibikia njiani, mbali na makaburi. Jua lilikuwa kali. Watu walikuwa wamesimama kandokando ya barabara na jeneza limewekwa kivulini, hawajui la kufanya, na tazama, lori la Kadidja likatokea kwa mgongo. Mjane wa marehemu, Mama Madeleine, akasimama katikati ya njia na kuinua mikono.

"Maître, utusaidie. Baba yenu atashinda ku jua."

"Mama, pole sana. Mais hii ni kamiyo ya masomo. Na inaenda paka nyuma."

"Makaburi iko kule," Madeleine akasema, akionyesha. "Inaweza kufika kule?"

"Inaweza."

"Basi inatosha."

Haikutosha kwa wote. Kaka mmoja wa marehemu alikataa kabisa. Alisema maiti ikipelekwa kinyumenyume itadhani inarudi nyumbani, na nani atakayelala nyumba ile? Mwingine akauliza jeneza liwekwe vipi, miguu itangulie wapi, maana kama nyuma ya lori ndiyo mbele, basi mbele ni wapi? Ubishi ukapanda. Wakaligeuza jeneza, wakaligeuza tena, mpaka Madeleine akapiga kelele kwamba mume wake hajawahi kugeuzwa namna ile hata alipokuwa hai. Ndipo mchungaji alipopanda juu ya sanduku la lori, akafunga Biblia yake, akatoa hukumu:

"Marehemu eko analala chali. Anaangalia juu. Ile mambo ya mbele na nyuma ni ya siye, haina yake tena."

Kila mtu akaridhika, hata yule kaka. Waliondoka.

Sasa, dereva anayebeba maiti kwa kawaida hawaoni waombolezaji. Wako nyuma yake, yeye anatazama barabara. Lakini Kadidja alikuwa ameelekeana nao. Njia yote, kwa mwendo wa miguu, watu wote wa msiba ule walikuwa wakitembea mbele ya kioo chake, nyuso zao zikimtazama, Madeleine katikati ameshikwa na mabinti zake wawili, midomo yao ikiimba wimbo asiousikia vizuri kwa sababu ya injini. Alitazama kioo cha pembeni, akasikiliza filimbi, akanyoosha lori, na kila aliporudisha macho aliwakuta wale wale, hawakaribii wala hawaondoki. Akaanza kulia. Hakuwahi kuonana na mzee Tshimanga hata mara moja. Alilia kwa ajili ya uso wa yule mjane, na kwa ajili ya baba yake mwenyewe, ambaye siku ya maziko yake yeye Kadidja alikuwa amebaki nyumbani na wanawake wengine, akipika, wala hakuona kitu. Wale waliokuwa wakitembea waliona dereva analia, na kilio kikaongezeka.

Makaburini aliliingiza lori katikati ya makaburi mawili bila kugusa hata msalaba. Baadaye, kwenye chakula, walimpa nafasi kwenye mkeka wa ndugu wa karibu, na shangazi mmoja akamwuliza kwa siri yeye ni mtoto wa mama yupi. Mzee alikuwa amesafiri sana na reli.

Mtihani wa kupata ruhusa ulifanyika msimu wa jua, kwenye uwanja wa vumbi karibu na viwanda vya zamani. Kampuni ya Kakanda ilikuwa imetoa lori jipya kwa ajili ya watahiniwa, na mkaguzi, bwana Alexis, alitoka Lubumbashi, mtu mwembamba, miwani ya jua juu ya paji la uso. Kazi ya kwanza ilikuwa kurudisha lori katikati ya mapipa. Wanaume waliotoka Kambove walitangulia, na mapipa yakalia kama ngoma za arusi. Kisha akaja Kadidja ndani ya buluu yake. Alilirudisha lori lile kama mtu anayerudisha kiti mezani baada ya kula. Alexis aliteremsha miwani machoni, akaipandisha tena.

"Ufanye tena, Mama."

Akafanya tena.

"Muzuri sana. Sasa, mbele. Ufuate njia paka ku ile muti, unageuka, unarudia."

Kadidja akatia gia ya kwanza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake lori likaenda mbele. Hakuwa amejiandaa kwa jambo lile. Katika lori la shule kioo cha mbele kilimwonyesha vitu vinavyoondoka, nyumba zikipungua, watu wakipunga mkono. Sasa kila kitu kilikuwa kikikua. Mti ulikua. Mbuzi aliyekuwa mdogo akawa mkubwa.

"Bintu binakuya!" akapiga kelele. "Maître, bintu binakuya!"

Akafanya alichokijua: akatazama vioo vya pembeni na kuiendesha barabara aliyoiona humo. Vioo vilipomwambia kulia, ilikuwa kushoto. Lori lilipinda taratibu, bila hasira, likaacha njia na kuingiza uso ndani ya lundo la magunia ya makaa, likatulia. Hakuna aliyeumia. Muuza makaa alitoka nyuma ya lundo akiwa bado anatafuna, akauliza kama wanachukua yote.

Alexis alishuka, akajipangusa. "Mama, mambo ya nyuma, sijaona muntu wa kukupita. Mambo ya mbele, uko mutoto mudogo. Urudie mwezi yenye kuya."

Kadidja alirudi kibandani kwa Hakim, uso mweusi, akakaa kwenye kigoda. Hakim alianza kukung'uta mifuko, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ulikuwa na makaa yake. "Njo nilikuambia mifuko itasaidia," akasema, kwa kutaka kumchekesha. Hakucheka. Asubuhi iliyofuata alikwenda kwenye maegesho, akawasha moto, akaweka karai. Mafuta yalipochemka aligundua kwamba hawezi tena kusimama mahali pamoja. Miguu yake ilikuwa ikitafuta matofali. Akauza karai kwa jirani.

Na wakati huo huo, jambo ambalo hakuna aliyeliamini likatokea: pièce ikafika. Banza alijifungia chini ya lori akiimba, akatoka ameng'aa mafuta, akawaita watu wote waje kuona. Lori likaenda mbele. Tulipiga makofi. Kadidja alilipeleka hadi mwisho wa ua, akasimama mbele ya ukuta, akatafuta gia ya kurudi.

"Banza," akaita, "na nyuma?"

Banza akajikuna. "Ah. Nyuma. Pièce ya nyuma ingali Lubumbashi. Juma yenye kuya."

Sasa tukaingia katika msimu wa lori lisiloweza kurudi. Ilibidi wachague njia zenye nafasi ya kugeukia, wazunguke Panda kama maji yanavyozunguka ndani ya beseni. Kadidja alijifunza kuvumilia vitu vinavyokuja. Maître alimfundisha kuvisalimu: mbuzi akija, unasema "bonjour mbuzi", na hofu inapungua. Lakini siku moja alikata kona mapema, akaingia uchochoroni, na lori likasimama pua yake ikiwa imegusa mlango wa Mama Georgette.

Mama Georgette ni mtu wa maombi, asiyecheka ovyo. Alitoka kwa dirisha, kwa kuwa mlango ulizibwa, akajifunga kitenge vizuri, akaweka mikono yote miwili juu ya pua ya lori.

"Rudia nyuma!" akaamuru. "Ku jina ya Yesu, rudia nyuma!"

Aliendelea mpaka sauti ikamkauka. Kadidja, aliyekuwa amekaa kwenye kabini na hakutaka kuonekana hana adabu, akawa anaitikia Amina. Lori halikusogea. Kesho yake vijana wa mtaa mzima walikuja, wakalisukuma wakalitoa, na Mama Georgette hadi leo anaitolea ushuhuda siku ile kanisani, bila kuwataja vijana.

Mwezi ulipofika, Alexis akaja tena, lakini lori la mtihani halikuja. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na lilikwama kwenye matope huko huko Kakanda.

"Tutatumika na kamiyo ya Maître," Alexis akasema.

Magloire ni mtu mkweli. "Monsieur, haina marche arrière, hairudi nyuma."

"Marche arrière alishaifaulu. Leo tunatafuta paka mbele tu."

Hakim hakukubali mgeni apande lori akiwa na njaa, maana alikuwa ametoka Lubumbashi alfajiri. Alimkalisha mbele ya bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wawili wa thomson, na kila sahani ilipopungua aliijaza. Alexis alipanda kabini akipumua polepole. Maître, kwa mazoea, akapanda juu ya sanduku la nyuma na filimbi yake.

"Enda tu, Mama," mkaguzi akasema. "Fuata barabara ya Kambove. Usisimame paka minye nikuambie."

Kadidja akaenda. Barabara ilikuwa imelowa, nyekundu, na vitu vilikuja kwa mpangilio mzuri: baiskeli zenye magunia, pikipiki, malori ya madini yaliyojaa. Alivisalimu vyote kwa sauti ya chini. Baada ya muda aliona mkaguzi amefumba macho, akadhani anasikiliza gia. Akazidi kuwa mwangalifu. Kambove ikaja, ikapita. Mkaguzi hakusema simama. Juu ya sanduku Maître alikuwa akipiga paa la kabini kwa ngumi na kupuliza filimbi mpaka mashavu yakamwuma, lakini injini ilikuwa ikinguruma, na Kadidja, alipomsikia kidogo, alifurahi kwamba mwalimu wake anampa moyo.

Hakusimama mpaka alipokuta mkia wa foleni ya malori. Lililo mbele yake lilisimama, na yeye hakuwa na njia nyingine. Akamgusa mkaguzi kwenye bega.

"Monsieur, unisamehe. Nimesimama. Mais haina minye nilitaka."

Alexis akafumbua macho. "Tuko wapi?"

"Kakanda."

"Kakanda gani?"

"Kakanda ya Kakanda, Monsieur."

Mkaguzi akatazama nje. Malori mengine yalikuwa yamekwisha kuwabana kwa nyuma. Akataka warudi, akakumbuka. Lori lile lilijua njia moja tu, na njia ile iliingia moja kwa moja kwenye lango la kampuni. Foleni ikasonga, nao wakasonga. Langoni mlinzi hakuuliza wanatafuta nini; alisema tu kwamba hakuna anayeingia bila kofia ngumu. Wakavalishwa kofia wote watatu na fulana za kung'aa. Wakapandishwa kwenye mizani, lori likapimwa likiwa tupu, wakapewa karatasi inayosema ni tupu, wakaelekezwa kwenye ua mkubwa.

Hapo akawajia mkuu wa usafiri, kijana aitwaye Cédrick, ana simu ya upepo katika kila mkono na zote mbili zinaongea. Alimwona mwanamke anashuka kutoka kwenye kabini, amevaa buluu kutoka kichwani hadi miguuni, mifuko kila mahali.

"Ah, enfin!" akasema. "Ni weye ile mwanamuke?"

"Ni minye," Kadidja akajibu. Hakuona uongo wowote katika jibu hilo.

"Permis ya kuendesha iko wapi?"

Kadidja akamtazama Alexis. Maître, ambaye tai yake ilikuwa imezunguka na kubaki mgongoni, akamtazama Alexis. Alexis akatazama lango, foleni, matope, na jua linaloanza kushuka huku Lubumbashi ikiwa mbali.

"Alifaulu," akasema. "Toka Likasi paka hapa na ile njia yote mbaya, minye sikuamuka."

Akaandika ushahidi wake juu ya boneti yenye joto, akatia sahihi. Kitambulisho chenyewe kilifuata baadaye, kikiwa na picha yake amekunja uso. Maître alilirudisha lori Panda mwenyewe, kwa lango la kutokea lililo upande wa pili, Alexis kando yake macho wazi njia yote.

Tangu hapo Kadidja anafanya kazi Kakanda. Hakupewa kubeba mawe. Alipewa lori la maji, lenye tangi na mabomba ya kunyunyizia nyuma, na kazi yake ni kulowesha barabara za machimbo ili vumbi lisiwapofushe wale wanaobeba mawe. Anazunguka. Akimaliza duara moja, mahali alipoanzia pamekauka, naye anaanza tena. Anakaa kambini na kurudi Panda mwisho wa juma, na Hakim amekwisha kubadilisha mshono wa koti lake mara kadhaa kufuatana na habari anazoleta.

Nilimtembelea huko msimu wa mvua uliopita, nikaruhusiwa kukaa naye kwenye kabini. Mvua ilikuwa ikimwagika kama ndoo, barabara imekuwa mto, hatuoni hata mita chache mbele. Yeye alikuwa amefungulia mabomba yote, anamwagilia.

"Ya Kadidja, dada," nikamwuliza, "unamwangia nini maji na hii mvua?"

"Nilibauliza kwa radio," akasema. "Bakubwa banasema programu ni programu." Alishusha kioo kidogo, akatoa mkono nje, maji ya mvua yakamwagika kwenye kiganja chake. Akacheka. "Mais angalia vile barabara inalowana muzuri."

Akabadilisha gia, tukaendelea na duara.